Nimeahidiwa kibanda kipya ufuoni, lakini wenzangu hawajui

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mjane wa miaka 46. Nakaanga samaki ufuoni, kaskazini mwa Mombasa, mahali ambapo siku ya Idi au Krismasi huoni mchanga kwa wingi wa watu. Nina changu, tafi, pweza akipatikana, viazi karai na mihogo. Kibanda alikijenga marehemu mume wangu mwaka 2005 kwa boriti na makuti, baadaye tukatia mabati. Alipofariki miaka sita iliyopita, nilikaa eda, nikaimaliza, nikarudi kuwasha jiko. Leseni ya biashara nimeilipia kila mwaka bila kukosa, kwa jina lake lile lile. Risiti zote ziko ndani ya kopo la biskuti juu ya friza. Watoto wangu wawili wamesomeshwa na karai hilo.

Hati hatuna. Hakuna mwenye hati pale. Wengine husema ardhi ni ya serikali, wengine ni ya mwenye hoteli iliyo nyuma yetu. Kuna na mzee mmoja ambaye kila baada ya miaka miwili mitatu huja na ramani iliyokunjwa mara nane, akasema babu yake ndiye aliyeipanda ile minazi. Akishakunywa dafu huondoka.

Mwezi wa Februari walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu wakaandika X kwenye kila kibanda. Hawakusalimia mtu. Binti yangu wa gredi ya nne alipofika kutoka shule akaiangalia ile alama, akaniuliza, "Mama, tumekosa nini?" Kwake yeye X ni ya mwalimu.

Wiki iliyofuata tukaitwa barazani chini ya mivinje. Tukaambiwa ufuo utaboreshwa: njia ya kutembea, taa, vyoo, maegesho, na vibanda vya kisasa 40. Sisi tuko 64. Tukapewa fomu tusaini kwamba tunahama kwa hiari, kazi ni ya miezi minane, na ikiisha "tutazingatiwa". Hilo ndilo neno lililoandikwa.

Chama chetu cha wafanyabiashara kiligawanyika siku hiyo hiyo. Nusu wanataka kusaini, nusu wanataka mahakama, kila mtu atoe 3,000 za wakili. Wanaotaka mahakama wanaongozwa na jirani yangu wa kibanda cha pili, nitamwita Dada Mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuijua mafuta iliyopata moto kwa kipande cha kiazi. Nilipokuwa eda aliniletea chai na mahamri kila alfajiri, siku zote zile, kabla hajafungua kwake.

Sasa nakuja kwenye shida yenyewe. Mimi ni mweka hazina wa chama. Siku tatu baada ya baraza, afisa mmoja aliniita pembeni karibu na maboti. Akaniambia, "Mama, watu wanakusikiza. Wakisaini, kibanda namba saba ni chako, kile cha pembeni karibu na maegesho." Hakukuwa na shahidi wala karatasi. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilisema, "Haya, Mungu mkubwa," nikaenda zangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia wenzangu tusikimbilie mahakamani, serikali haishindwi. Lakini usiku nikilala najiuliza kama maneno yale ni yangu au ni ya namba saba. Dada Mkubwa akinisalimia siwezi kumtazama usoni.

Kaka yangu ananiambia nikichukue hicho kibanda kwa sababu sisi hatuna haki yoyote, tumekaa kwenye ardhi ya wenyewe, na anayepewa chake asikatae. Kuna na mtu wa mjini anayenipa 350,000 nimwachie nafasi yangu sasa hivi, X na yote. Na marehemu, siku mbili kabla hajatuaga, alinishika mkono akaniambia, "Usiliache jiko."

Nisaini? Nimwambie Dada Mkubwa? Au ninyamaze nisubiri?

Mkaanga Samaki, Pwani

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa msiba ambao naona bado unao, na pole kwa wiki hizi za kubeba jambo zito peke yako. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unaniuliza habari za ardhi, mara ya pili nikadhani unaniuliza habari za rafiki yako. Sasa naona mambo yote mawili yamefungwa kwenye fundo moja: umepewa kitu ambacho hujui kama kipo, ili utoe kitu ambacho unajua kabisa kuwa unacho, yaani imani ya watu 63.

Tuanze na maneno ya kaka yako kwamba hamna haki yoyote. Yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Leseni ya biashara ni ruhusa ya kuuza. Haimpi mtu ardhi, hata akiilipia miaka ishirini, na anayewaambia wenzako kuwa zile risiti ni sawa na hati anawadanganya. Tena Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ardhi ya umma. Kama bamvua linafika kwenye nguzo za kibanda chako, hakuna hoteli wala mjukuu wa mpanda minazi anayeweza kusema hapo ni pake.

Lakini kutokuwa na hati si sawa na kuwa mavumbi ya kupulizwa. Kifungu cha 40 cha Katiba hiyo hiyo kinakubali kwamba ardhi inapotwaliwa, watu wanaoikalia kwa nia njema bila hati wanaweza kulipwa fidia. Kinasema wanaweza, hakisema lazima, kwa hiyo usiipigie hesabu pesa hiyo. Na Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka kwamba hata mtu anayekalia ardhi ya umma bila idhini apewe notisi ya maandishi miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Notisi hiyo itoke katika gazeti rasmi la serikali, itoke katika gazeti linalosomwa nchi nzima, na itangazwe redioni. Anayepewa notisi anaruhusiwa kwenda mahakamani kuipinga. Sasa niambie: kopo la rangi nyekundu ni notisi ya aina gani?

Nakuuliza kwa sababu fomu ile inasema mnahama "kwa hiari". Mtu akihama kwa hiari, nani atamdai notisi yake? Sisemi hiyo ndiyo sababu ya fomu kuandikwa hivyo. Nasema kabla mtu hajatia sahihi, auombe ule ukurasa, aende nao nyumbani, ausome polepole na mtu anayeelewa sheria. "Tutazingatiwa" ni neno la adabu tu. Hata mwombaji kazi huambiwa atazingatiwa.

Halafu hili suala la ardhi ni ya nani. Mmelikalia miaka yote kama mjadala wa kahawa, kila mtu na yake. Sisi watu wa Pwani tuna sababu ya kuliogopa. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka watu waandikishe madai yao, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakiilima hawakuandikisha, na wajukuu zao ndio leo wanaoitwa maskwota. Hofu ya kwenda ofisi ya ardhi tumeirithi. Lakini upekuzi wa ardhi si kesi. Chama kikipata namba ya kiwanja kutoka kwa mpimaji, kinalipa ada, kinajua jina lililoandikwa pale. Jibu linaweza kuwauma. Likiwa ni la mtu binafsi, mradi wenyewe una maswali yake. Likiwa ni la umma, mzee wa ramani mnaweza kuendelea kumpa dafu bila wasiwasi.

Na hata mwenye hati asikutishe sana. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, ambacho mara ya kwanza kiligawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati ule. Kampuni iliyokuwa nacho ilikuwa na hati kamili. Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta wake mwaka 2017 ili watu wapate njia ya kwenda baharini, na Mahakama ikasema hati iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria hailindwi, hata kama mnunuzi wa mwisho alilipa pesa zake halali. Naitaja kwa tahadhari. Kesi ile iliamuliwa hivyo kwa ajili ya njia ya umma, si kwa ajili ya wauza samaki. Kinachofungua ufuo kwa wote ndicho hicho hicho kinachoweza kusema kibanda chako kimeziba njia.

Sasa namba saba.

Nakuomba ukae na maswali haya kabla ya kukaa na majibu. Vibanda ni 40, nyinyi ni 64. Je, una hakika ni wewe peke yako uliyeitwa karibu na maboti? Mtu anayeweza kumwahidi mweka hazina anaweza kumwahidi katibu, na mwenye kukodisha tyubu, na kijana wa ngamia. Inawezekana hiyo namba saba ina watu wanne wanaoota juu yake usiku huu, kila mmoja akimwonea haya jirani yake. La pili, afisa huyo ndiye anayegawa? Miradi ya namna hii huchukua muda, na maafisa huhamishwa. Siku ya kugawa funguo akiwa Turkana, utamwonyesha nani ile ahadi? La tatu, kodi ya kibanda hicho ni kiasi gani? Hukuniandikia, na nadhani hukuandika kwa sababu hukuambiwa. Kibanda chenye maji ya mfereji na marumaru kinaweza kuwa kizuri kuliko uwezo wa karai lako msimu wa mvua za masika, ambapo hata wewe unajua kuna siku unarudi nyumbani na samaki wale wale.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima nikwambie, sikwambii kukutisha. Sheria ya Hongo ya 2016 haiangalii pesa taslimu peke yake, inazungumzia pia manufaa mengine. Sijui kama ulichoambiwa kingehesabika hivyo; wakili atakueleza. Ila mtu anayeshika daftari la chama, anayeahidiwa kitu ili awageuze wanachama, amesimama mahali penye utelezi. Hujateleza. Ulisema "Mungu mkubwa" ukaenda zako, na jibu hilo lilikuwa na hekima kuliko unavyodhani.

Unaniuliza kama yale unayowaambia wenzako ni maneno yako. Huenda ni yako kweli. Kuogopa mahakama si usaliti. Angalia kesi ya Mitu-Bell: watu waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mwaka 2011. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake Januari 2021, na hata hapo jalada likarudishwa Mahakama Kuu. Uamuzi ule uliwapa wakazi wa ardhi ya umma nguvu ambayo hawakuwa nayo, lakini ilikuwa miaka kumi, na yalikuwa makazi, si biashara. Atakayewaambia kwamba kwa 3,000 kila mtu mambo yataisha kabla ya Idi ijayo hawatakii mema. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kuwapa zuio la muda, na zuio hilo linaweza kuwa na thamani kubwa kwenu. Linaweza pia kukataliwa, mkalipishwa gharama. Kwa hiyo hoja yako ina miguu. Tatizo ni kwamba wenzako wanaisikia bila kujua kuna namba saba nyuma yake, na wewe unajua. Ndiyo maana huwezi kumtazama Dada Mkubwa.

Kumwambia kuna hatari zake. Anaweza kukasirika kwa zile wiki ulizonyamaza, akayatangaza kabla hujamaliza sentensi. Unaweza kupoteza cheo cha hazina, na kile kibanda kama kipo. Kutomwambia nako kuna hatari, na mji wetu ni mdogo. Jambo lililosemwa karibu na maboti lilisikiwa na nani aliyekuwa amelala ndani ya boti? Habari hii anaweza kuisikia kwako, au akaisikia kwa mtu mwingine. Wewe ndiye unayemjua mwanamke aliyekuletea mahamri siku 130. Mimi simjui, nisije nikakupa uhakika nisio nao. Labda unaweza kuanza kwa kujiuliza: ningekuwa mimi ndiye niliyekuwa nikileta mahamri, ningetaka kuambiwaje, na lini?

Nyinyi mnazungumza kana kwamba kuna milango miwili tu, fomu au wakili. Kuna kazi inayoweza kufanywa kabla ya yote mawili, na haigharimu 3,000. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuandika barua kwa ofisi ya umma kuomba nakala za mambo yanayomhusu, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wasipojibu, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombeni mchoro. Ombeni idadi ya vibanda, vigezo vya kugawa na kodi. Ombeni tathmini ya athari kwa mazingira, kwa sababu mradi wa ufuoni hauanzi bila hiyo, na umma una haki ya kuitolea maoni. Barua ikiwa na sahihi 64, wanaotaka kuhama na wanaotaka kupinga wanaweza kuisaini wote, maana kuuliza si kukataa. Hatari yake? Siku 21 ni nyingi pale tingatinga likiwa tayari limeegeshwa. Na anayeuliza maswali mengi anaweza kukumbukwa vibaya siku ya kugawa.

Kuboreshwa kwa ufuo si lazima kuwe adui. Pale Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari mjini, palizungushiwa mabati 2019, Oktoba pakafunguliwa kwa Sikukuu ya Mashujaa, na leo familia zinakwenda kupunga upepo na mihogo bado inaliwa. Anayeuza mihogo hiyo leo ndiye aliyekuwa akiuza jana? Nendeni mkawaulize wenyewe. Watawaambia mambo ambayo hakuna baraza litakalowaambia: nani alirudi, nani hakurudi, na walishikilia karatasi gani.

Ya mtu wa mjini na 350,000 zake sitayasema sana. Unamuuzia nini hasa? Akikulipa leo na kesho kibanda kikalala chini, atakuja kugonga mlango wako.

Lakini kuna mstari mmoja katika barua yako ambao uliupita mbio, nami nikasimama hapo. Umeandika kwamba leseni unailipia "kwa jina lake lile lile". Mdogo wangu, orodha ya vibanda 64 imeandikwa kutoka wapi? Kama imetoka kwenye daftari la leseni, basi kibanda chako kina jina la mtu ambaye hayuko, na yeyote atakayegawa, kwa haki au kwa upendeleo, anaweza kukwambia mwenye jina aje mwenyewe. Naelewa kwa nini hukulibadilisha. Kila Januari ukilisema jina lake pale dirishani, karani akaliandika, ilikuwa kama bado anatoka nyumbani kwenda kazini. Hilo mimi siwezi kukulaumu. Ila peleka cheti cha kifo na barua ya chifu, uliza utaratibu wa kuandikisha biashara kwa jina lako, na mali aliyoiacha, hata iwe friza na mabati, Mahakama ya Kadhi itakueleza warithi wake ni nani. Hili unaweza kulifanya wiki hii, usaini usisaini, umwambie Dada Mkubwa au usimwambie. Kwa mambo ya fomu, pale Mombasa shirika la Kituo cha Sheria wana ofisi na wamezoea watu wasio na pesa za wakili. Ni vizuri mkienda wawili, mmoja kutoka kila upande wa chama.

Na kuhusu usia. Alisema usiliache jiko. Hakusema usiuache mchanga. Nimeona wanawake waliohamia kando ya stendi ya matatu na wateja wakawafuata kwa harufu, na nimeona wengine waliohama wakakaa na karai baridi mwaka mzima. Sijui wewe utakuwa yupi. Ila usimbebeshe marehemu uamuzi ambao hakuuona ukija. Hakuijua ile X.

Binti yako alikuuliza mmekosa nini, na hukuniandikia ulimjibu vipi. Ukiniandikia tena, niambie.

Kwa sasa, lile kopo la biskuti liondoe juu ya friza. Risiti za siku hizi wino wake hufifia kwa joto, na hapo ulipo kuna mvuke wa mafuta mchana kutwa. Zipige kopi mbili kila moja, kopi moja ikae kwa kaka yako, halafu kopo lenyewe lilale chumbani kwako, chini ya nguo.